Kule Yenye E Tano

3 Aprili. Maji mita 4.10
Nimenunua daftari hili kwa sababu lile la ofisi lina safu mbili tu, kipimo cha maji na jina la chombo. Mambo mengine yote ya hapa darajani hayana pa kukaa.

Basi nianze. Mimi ni Nimia Orrego, mlinzi wa daraja, na kazi yangu ni kuhakikisha meli haziligongi. Watu wa mjini hucheka nikiwaambia. Eti nguzo nene kama nyumba, nani asizione? Wanaziona. Mto Paragwai ukijaa, boti moja ikasukuma matishari kumi na mawili ya soya, yale majahazi bapa yasiyo na injini, nahodha huliona daraja vizuri kabisa, ila hawezi kusimama. Lazima aambiwe angali mbali, kabla hajaingia kwenye kona, afunge nusu ya matishari kwenye miti ya ukingoni na kupitisha yaliyobaki, kisha arudi kuchukua mengine. Ndiyo sheria kipimo kikizidi mita sita, na chombo kikipita magari yasimame. Na mimi dirishani kwangu siioni ng'ambo ya kona.

Ndiyo maana mjomba Ceferino anakaa konani, kilometa moja juu ya daraja, na redio ya upepo. Manahodha wana redio zao, lakini nahodha husema yuko pale anapotamani awe, ili apate zamu mapema. Mjomba aliongoza vyombo kwenye mto huu miaka thelathini na saba. Yeye hadanganywi.

4 Aprili. 4.12
Vyombo vitatu. Upepo wa kusini.

9 Aprili. 4.30
Amekuja mhandisi mpya kutoka Asuncion, Lourdes Insfrán, Inhinia kama tunavyosema hapa. Amevaa viatu vyeupe. Nimemwangalia akishuka ngazi ya ukingoni na sikumwambia kitu kuhusu tope.

Amefunga skrini ofisini kwangu. Kila boti ni nukta ya kijani inayotembea. Nzuri, sikatai. Kisha akasema kwa sauti ya upole kwamba mafuriko yakiisha, ofisi itaamua kama kibanda cha konani bado kina kazi.

"Na mzee aliyemo?" nikauliza.

"Atastaafu kwa heshima."

Mjomba huyu alinilea tangu nina miaka sita, mama alipofariki. Akiondolewa kwenye mto ule sijui nitamweka wapi.

12 Aprili. 4.41
Leo Inhinia amesikia ripoti ya mjomba kwa mara ya kwanza.

"Nimia, anakuja nahodha Ovelar, mzigo mzito. Yuko kuleee."

"Sawa, Mjomba."

Inhinia akanigeukia na kalamu mkononi. "Kule wapi?"

"Kuleee."

"Niandike nini?"

Amelelewa mjini, kwa Kihispania, hana kosa. Kwa Kiguarani cha huku, neno kule lina urefu wake. Kule fupi unafika kabla hujachoka. Kulee, utavuja jasho. Ikifika e tano, beba chakula. Nikamweleza, akaandika mstari mzima, akaukata.

20 Aprili. 4.88
Mvua. Chombo kimoja. Nimechoma mkate wa mbeju, ukaungua.

9 Mei. 5.52
Siku yangu ya mapumziko. Nimekwenda konani na mikate ya chipa na maji ya barafu kwa ajili ya terere, chai yetu ya baridi. Nitaandika yote, kwa sababu sina wa kumwambia.

Mjomba alinipokea kwa utani wake wa siku zote. "Umenenepa, mwanangu. Nasikia ngazi inalalamika." Nilicheka. Baadaye tu ndipo nilipojiuliza kwa nini alisema nasikia.

Tukakaa. Akamimina maji, yakaenda pembeni, yakalowesha goti lake. Akajifanya amekusudia, eti kuna joto, tena Mei. Akanipa pembe la ng'ombe tunalonywea terere, nikanywa kwa mrija, nikalirudisha kimya kama inavyopasa. Mjomba ndiye aliyenifundisha: kwenye terere anayerudisha pembe na kusema asante amejitoa kwenye mzunguko, usimmiminie tena. Yeye mwenyewe sijawahi kumsikia akisema asante. Hunywa mpaka maji yaishe.

Ikasikika injini kwa mbali. Mjomba akainamisha kichwa, akashika redio. "Hiyo ni boti Mburicao. Ina matishari sita, matupu. Kuleee." Alikuwa ameelekea kwenye ukuta wa kibanda. Mto ulikuwa mgongoni kwake.

Nikainua mkono wangu mbele ya uso wake, nikaushusha polepole. Hakupepesa.

"Usinipungie mkono kama unayefukuza nzi," akasema. "Kivuli nakiona."

"Tangu lini, Mjomba?"

"Tangu mwaka jana. Ni mtoto wa jicho. Mwanzoni ilikuwa kama moshi, sasa ni kama maziwa."

"Na unaripoti vyombo kila siku?"

"Nimewahi kukosea?"

Nikafikiri. Hajawahi.

"Injini hazifanani," akasema. "Ya Ovelar inakohoa kila baada ya mapigo saba. Mburicao inapiga filimbi puani. Zikiwa na mzigo huguna, zikiwa tupu hupayuka. Macho yanahitaji mwanga, haya hayahitaji." Akagusa masikio yake, yale makubwa tuliyokuwa tukiyacheka nyumbani.

Nikamwambia aje akae kwangu, nitampikia. Akasema, "Kwako kuna televisheni na kiti. Nimewaona wazee wa kiti, Nimia. Usinifanyie hivyo."

Nimerudi bila kumwambia mtu. Ninampenda na ninaogopa, na viwili hivyo havikai vizuri pamoja.

10 Mei. 5.58
Sikulala vizuri. Magugumaji yameanza kushuka, visiwa vizima, na ndege juu yake.

17 Mei. 6.03
Tumevuka mita sita. Kuanzia leo misafara yote inakatwa. Manahodha wananuna.

23 Mei. 6.40
Aibu. Inhinia ameleta redio mpya, zenye kifaa cha kuondoa kelele. Asubuhi mjomba akaita, nikasikia, "Nimia, anakuja Mburicao. Kule." Kule fupi. Bila hata kuitazama skrini nikawasha taa nyekundu, nikapiga king'ora, nikashusha kizuizi, malori yakasimama pande zote mbili. Tukangoja. Dakika ishirini, arobaini. Dereva mmoja akashuka, akaniuliza kama meli yenyewe imeshatengenezwa au bado. Muuza chipa aliuza kapu lote.

Kumbe mjomba alisema kule yenye e tano. Redio ilidhani ile eee ni kelele, ikaifuta.

Mimi nilicheka mpaka machozi, Inhinia hakucheka, akatoa amri. Kuanzia kesho mzee aseme kilometa, kwa tarakimu. Nilipompigia mjomba kumweleza, alilirudia neno hilo polepole.

"Kilometa," akasema, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

26 Mei. 6.61
Kilometa tano, kilometa tatu. Sauti yake imepoa.

30 Mei. 6.84
Naandika usiku, nimetoka konani.

Saa nne asubuhi mjomba akasema, "Ovelar. Kilometa sita." Skrini ilikuwa imezimika tangu alfajiri kwa sababu umeme ulikuwa unakwenda na kurudi. Nikahesabu: kilometa sita, nina nafasi. Nikamwita Ovelar afunge matishari juu ya kona. Akajibu, "Dada, kona hii hapa, naiona pua yake. Kwa nini hukuniambia mapema?" Na mwenyewe, bila shaka, alikuwa amekaa kimya makusudi, akitumaini tutamsahau apite mzima.

Aliingia konani na matishari yote kumi na mawili. Nikafunga daraja, lakini basi moja na muuza chipa walikuwa katikati, juu ya nguzo ya tatu. Ovelar akarudisha injini nyuma kwa nguvu zote, nikaona moshi mweusi, na mkia wa msafara ukaanza kujipinda na mkondo. Muuza chipa alisimama tu na kapu lake kichwani akiangalia chini. Nilimpigia kelele akimbie, nadhani hakunisikia.

Tishari la mwisho likaikwaruza kinga ya nguzo ya tatu, yale magogo na matairi yaliyowekwa mbele yake. Chuma kililia na daraja likatikisika mpaka kikombe changu kikaanguka kutoka mezani. Kisha wakapita. Imebaki alama ndefu kwenye magogo, urefu wa lori.

Jioni nilikwenda konani. Mjomba alikuwa ameshaambiwa.

"Sijui kilometa ikoje, Nimia," akasema. "Miaka yote sijaisikia hata moja. Nilikisia."

Nikatengeneza terere, nikampa. Akanywa pembe moja. Akanirudishia.

"Asante," akasema.

Nikakaa na pembe mkononi kama mjinga. Nililia njia nzima, sioni haya kuandika.

2 Juni. 6.90
Mjomba anaripoti kwa maneno mawili matatu. Hatanii.

3 Juni. 6.92
Leo nimempa Inhinia daftari hili, nimelifungua ukurasa wa tarehe tisa Mei. Nilijaribu kusema kwa mdomo, nikashindwa. Kama mjomba angesababisha watu kuzama nami nilijua, ningeishije?

Alisoma amesimama. Akafungua na kurasa za nyuma, sikuwa nimempa ruhusa hiyo, akafika kwenye viatu vyeupe.

"Ulijua kuna tope," akasema.

"Nilijua."

"Vilikuwa zawadi ya mama yangu." Akaendelea kusoma. Mwishoni akalifunga, akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Tarehe ishirini na tatu alisema e tano. Mburicao ilikuwa umbali gani?"

"Sijui."

"Skrini inajua. Inaweka kumbukumbu."

4–6 Juni. 6.95, 6.97, 7.00
Siku tatu mwenzangu wa zamu amekaa darajani, sisi tumekaa konani. Mjomba anaelekea ukutani. Inhinia ana saa ya kupimia sekunde na skrini ndogo. Mimi nachora jedwali. Mjomba mwanzoni alinuna, eti anapimwa kama ng'ombe. Kisha Inhinia akamuuliza Mburicao inapigaje filimbi puani, naye akamwigizia. Inhinia akajaribu kuiga, akatoa sauti ya bata. Mjomba akacheka, kicheko chake cha kweli, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Vyombo kumi na tisa. Kila e ni kilometa moja na nusu, ikizidi au kupungua ni kidogo sana. E tano ni kilometa saba na nusu. Hakukosa hata mara moja.

"Makao makuu hawatakubali," Inhinia akaniambia tukirudi. Alikuwa amevua viatu, anatembea peku. "Siwezi kuwaandikia kwamba kifaa ni sikio la mzee. Na mtu asiyeona hawezi kuitwa mlinzi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mpaka mafuriko yaishe nimesahau kuandika." Alisema huku anaangalia pembeni. Nilikuwa nimemhukumu vibaya mtu huyu.

Redio za zamani zimerudi. Skrini na mjomba wote wanasikilizwa, na wasipopatana tunafunga daraja.

13 Juni. 7.04
Kuleee. Kulee. Kuleeee. Nimefurahi siku nzima.

19 Juni. 7.05
Ukungu tangu alfajiri. Dirishani sikuiona hata nguzo ya pili. Niliwaamuru manahodha wote wajifunge wangoje. Ovelar alijifunga juu ya kona na nukta yake ikatulia kwenye skrini. Inhinia alikuwa nami, tunakunywa chai ya moto, amevaa mabuti ya mpira niliyomwazima. Malori yalikuwa yanapita juu, polepole, yamewasha taa.

Saa mbili na dakika ishirini redio ikaita.

"Nimia. Ovelar ana matishari mangapi?"

"Kumi na mawili, Mjomba."

"Sasa ana manane."

Inhinia akaangalia skrini. "Nukta haijasogea."

"Boti haijasogea," mjomba akajibu, alikuwa amemsikia. "Nimesikia waya wa kufungia matishari ukikatika, na wa pili. Kisha injini ikapayuka, kama mtu aliyesukuma mlango akakuta uko wazi. Amepungukiwa na mzigo. Binti, manne yanakuja peke yake, na hayana nukta."

Nikamwita Ovelar mara tatu. Hakujibu. Baadaye tulijua kwamba yeye na watu wake wote walikuwa sitahani, wanashikilia manane yaliyobaki.

"Yako wapi, Mjomba?"

"Kuleee."

Nilikumbuka yale malori ya Mei, watu wakinicheka, na skrini mbele yangu inasema hakuna kitu. Nikamtazama Inhinia. Yeye alikuwa ananitazama mimi.

"Ni ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Nne na nusu, ongeza moja ya kutoka konani hadi hapa." Akabonyeza king'ora mwenyewe.

Tulishusha vizuizi na nikatoka mbio darajani kuwaondoa watu kwa mkono. Muuza chipa safari hii alikimbia kabla sijamfikia. Inhinia akamwita Tani, nahodha wa Panambi, boti yetu ndogo ya ulinzi, apande mto akayasukume ukingoni. Tani akauliza atayaonaje, pua ya boti yake mwenyewe haioni.

"Utaonyeshwa," Inhinia akasema, akamuunganisha na mjomba redioni.

Niliporudi ofisini walikuwa wameshaanza. Sitasahau sauti ile, tulivu, kama anamwelekeza mtu nyumba ya jirani.

"Panda polepole, shika ukingo wa kulia. Yako kulee." Akasikiliza. "Tani, zima injini nisikie." Injini ikazimwa, na sote tukazuia pumzi kana kwamba pumzi zetu zingefika huko. "Ndege wameruka. Yameingia kwenye magugumaji yaliyokwama juu ya kona. Washa. Kule."

"Sioni kitu, Mzee Ceferino."

"Mimi pia. Twende."

Kisha akasema, "Hapa, Tani. Hapa mbele yangu. Nasikia maji yanapasuka kwenye chuma." Tukasikia kishindo kizito redioni, Tani akitukana, injini ya Panambi ikiguna kwa nguvu. Matatu yalikuwa bado yameshikana. Aliyasukuma mpaka yakakwama kwenye magugumaji na matope ya ndani ya kona.

"Matatu," mjomba akasema. "Moja limempita. Nimia, toka hapo dirishani."

Sikutoka. Nilisimama na Inhinia, tumeshikana mikono, sijui nani alianza. Likatokea kwenye ukungu bila sauti, ubavu mbele, kubwa na jekundu, halina mtu. Likaipiga kinga ya nguzo ya tatu. Magogo mawili yakavunjika, daraja likatikisika, vumbi likaanguka kutoka darini. Tishari likajizungusha taratibu, kana kwamba linafikiri, likapita katikati ya nguzo ya pili na ya tatu, likaingia tena kwenye ukungu. Juu ya daraja hapakuwa na mtu.

Inhinia aliketi sakafuni na mabuti yangu. Nikashika redio.

"Limepita, Mjomba. Liko huku chini."

"Huku chini wapi?"

Nikaangalia ukungu. "Kulee," nikasema, na sauti ikakatika kabla sijamaliza e zangu.

20 Juni. 7.01
Maji yameanza kushuka.

24 Juni. 6.66
Sikukuu ya San Juan, watu hucheza mpira uliowashwa moto. Inhinia amepiga teke mpira wa moto, akaunguza buti. Buti langu.

29 Juni. 5.97
Chini ya mita sita. Na ni San Pedro, siku ya watu wa mto, kwa hiyo mashua zimepita na maua na mtakatifu wao. Mjomba alizitaja moja moja kwa injini zake, akakosea moja. Ilikuwa ya makasia.

Inhinia alikuja konani na barua. Aliwaandikia yote makao makuu, ya macho pia, na jedwali langu. Wamekubali kwa masharti: konani wakae wawili, mmoja mwenye skrini na macho, na mjomba. Mwezi wa nane amepewa nafasi ya kupasuliwa macho huko Asuncion. Lakini hawatamlazimisha. Akitaka kupumzika apumzike, aseme mwenyewe leo, barua ijibiwe.

Mjomba alisikiliza, kichwa chini.

"Na nikianza kuona," akasema, "si ndipo nitaanza kukosea?"

"Tutakufunga kitambaa," Inhinia akamwambia.

Hakujibu. Mimi sikuthubutu kumuuliza. Inhinia akachukua chupa ya maji ya barafu, akajaza pembe yeye mwenyewe, akaliweka kwenye kiganja cha mjomba. Akanywa polepole. Akanywa mpaka mrija ukakoroma, hakuna tena kilichobaki ndani. Mashua ya mwisho ilikuwa inapita. Nilikuwa naangalia midomo yake tu.

Akanyoosha mkono kulirudisha pembe, akakosea upande kidogo, Inhinia akasogea kulipokea. Tukangoja neno.

Mjomba alikuwa amegeuza sikio mtoni. Hakusema kitu.

Inhinia akamimina tena.